Kabla ya Kuongeza Mzigo, Tuulize Msingi

Daraja ni kazi ya umma kuliko kazi nyingine yoyote ya mwashi. Nyumba ina mwenyewe, na duka lina mwenyewe, lakini daraja ni la kila apitaye: tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, mchukuzi mwenye gunia kichwani na bwana mkubwa aliyemo garini. Kwa sababu hiyo daraja linapoharibika hakuna asiyeguswa, na linapotakiwa kubadilishwa kila mtu hujiona ana haki ya kusema neno. Sisi tukaao visiwani, ambao maji ndiyo mpaka wetu wa kila upande, tunaijua vyema thamani ya kivuko. Ndiyo maana tumeona si vibaya leo kuitumia nafasi hii kuzungumzia daraja moja la mawe, jinsi lilivyojengwa, jinsi lilivyobadilishwa, na jinsi mabadiliko hayo yalivyolifupishia maisha.

Daraja lenyewe ni lile la London, juu ya Mto Thames. Hatulitaji kwa nia ya kuwatukuza wenye nalo, wala hatudhani kuwa kila kinachofanywa Ulaya ni cha kuigwa. Tumelichagua kwa kuwa habari zake zimeandikwa na kuwekwa kwa tarakimu, na tarakimu hazina upendeleo. Tena makosa ya watu wengine ni shule isiyodai ada. Atakayeisoma habari hii kwa makini ataona kwamba inawahusu pia mafundi wetu, wenye nyumba wetu, na zaidi ya hao, watendaji wa serikali wanaotia saini vibali vya kujenga na kubomoa.

DARAJA LA KALE

Daraja la kwanza la mawe mahali hapo lilianza kujengwa mwaka 1176 chini ya usimamizi wa padri mmoja aliyeitwa Peter wa Colechurch. Kazi ilichukua miaka 33. Peter mwenyewe alifariki mwaka 1205, na daraja likamalizika mwaka 1209 bila yeye kuliona. Lilikuwa na nguzo 19, na matao yake yalikuwa membamba yasiyolingana. Kila nguzo ilizungushiwa boma la magogo na kifusi ili mkondo wa maji usiile. Juu ya daraja zilijengwa nyumba na maduka, na kwa zaidi ya miaka 500 hilo ndilo lililokuwa daraja pekee la kuvukia Thames katika jiji hilo.

Kwa macho ya fundi wa leo, daraja hilo lilikuwa na kasoro nyingi. Nguzo na maboma yake viliziba sehemu kubwa ya mto. Thames ni mto unaopokea maji ya bahari, hujaa na kupwa kama pwani zetu zinavyojaa na kupwa, na maji yalipopwa yalijirundika upande mmoja wa daraja kisha yakaporomoka katikati ya nguzo kama maporomoko ya mlimani. Wenye mashua waliothubutu kupita chini yake wakati huo walicheza na roho zao, na wengi walizama. Juu nako msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1722 Meya wa jiji aliamrisha magari ya farasi yaingiayo yashike upande mmoja na yatokayo yashike upande mwingine, kila moja likipita mkono wa kushoto.

Katikati ya karne ya 18 wakuu wa jiji waliamua kulirekebisha. Nyumba zote za juu zilivunjwa ili njia ipanuke, na mwaka 1759 nguzo moja ya katikati iliondolewa, matao mawili yakafanywa tao moja kubwa ili vyombo vipite kwa salama. Waliobuni mpango huo, Robert Taylor na George Dance, walikuwa watu wenye sifa katika kazi yao. Lakini maji hayasomi sifa za watu. Yalipopata mlango mpana yalikimbilia hapo kwa nguvu zote, yakaanza kuchimba chini ya nguzo mbili zilizobaki kando ya tao jipya. Mwaka 1761 hofu ilikuwa kubwa hata watu wakaogopa kupita. Aliitwa mhandisi John Smeaton, naye akashauri jambo la haraka: mawe ya malango ya zamani ya jiji, ambayo yalikuwa yamevunjwa na kuuzwa, yanunuliwe tena yatumbukizwe mtoni kuzunguka nguzo hizo. Ndivyo ilivyofanywa. Jiji lililouza mawe yake likayanunua tena ili kuyatupa majini.

Hilo lilikuwa fundisho la kwanza, na lilikuwa wazi. Mtu aliyetazama daraja kutoka juu aliona njia pana na tao zuri, ilhali hatari ilikuwa chini ya maji, mahali asipotazama mtu.

KAZI YA RENNIE

Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikubalika kwamba daraja la kale halifai tena. Mpango uliochaguliwa ulikuwa wa John Rennie, mhandisi wa Kiskoti aliyekwisha kujenga madaraja mengine makubwa. Rennie alifariki mwaka 1821 kabla kazi haijaanza, na ujenzi ukasimamiwa na mwanawe, aliyeitwa pia John. Kazi ilianza mwaka 1824, umbali wa mita 30 hivi upande wa juu wa mto, na wakati wote huo watu waliendelea kulitumia daraja la zamani. Mfalme William wa Nne alilifungua daraja jipya tarehe 1 Agosti 1831, na la zamani, lililokuwa limesimama kwa miaka 622, likavunjwa.

Daraja la Rennie lilikuwa na matao matano tu mahali palipokuwa na utitiri wa matao membamba. Mawe yake yalikuwa matale, yaani yale mawe magumu yenye chembechembe zinazong'aa, na sehemu yake yaliletwa kutoka machimbo ya Haytor katika nyanda za Dartmoor. Matao hayakuwa ya nusu duara kamili. Yalibonyezwa kidogo yakawa mapana na ya chini, mfano wa nusu ya yai lililolazwa. Tao la katikati lilikuwa na upana wa futi 152, yaani mita 46 hivi. Umbo hilo liliwafaa wote wawili: mwenye chombo alipata nafasi pana ya kupita chini, na mwenye mkokoteni hakulazimika kupanda mlima ili kuvuka.

Inafaa hapa tueleze kwa ufupi jinsi tao linavyobeba mzigo, kwani bila hilo habari inayofuata haitafahamika. Mawe ya tao hayakushikwa na misumari wala hayategemei chokaa peke yake. Kila jiwe limechongwa likawa jembamba chini na nene juu, nalo hulisukuma jirani yake, na jirani naye humsukuma wa pili, hata msukumo huo ukashuka hadi kwenye nguzo, na nguzo ikautua kwenye msingi. Kadiri mzigo unavyozidi juu ndivyo mawe yanavyobanana. Kwa hiyo tao la mawe magumu haliogopi sana uzito. Kinachoogopa uzito ni ardhi iliyo chini ya nguzo. Na katika daraja la Rennie nguzo zilikalishwa juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope na udongo mzito wa mfinyanzi ulio chini ya Thames. Magogo hayo yalikadiriwa kubeba daraja lile, kwa upana wake ule na uzito wake ule.

Jambo jingine lilitokea ambalo wengi hawakulitarajia. Daraja la kale lilikuwa limeuziba mto kama lambo. Lilipoondolewa, maji ya kujaa na kupwa yalipata uhuru wa kwenda kasi, na kasi hiyo ilizidi kuyachimba madaraja mengine yaliyokuwa upande wa juu, likiwemo la Westminster na lile la Blackfriars, ambayo misingi yake ilikwisha kuwa na udhaifu. Yote mawili yalibadilishwa kabla karne ile haijaisha, la Westminster mwaka 1862 na la Blackfriars mwaka 1869. Daraja halisimami peke yake mtoni. Ukiligusa moja umegusa na mengine.

FUTI KUMI NA TATU

Kufikia mwaka 1896 daraja la Rennie lilikuwa ndipo mahali penye pilikapilika kubwa kuliko pote mjini London. Ilihesabiwa kuwa watu 8,000 waendao kwa miguu na magari 900 walilivuka kila saa. Hapana shaka kilio cha wananchi kilikuwa cha haki, na wakuu wa jiji hawakuweza kukaa kimya. Wangeweza kujenga daraja jingine kando, lakini hilo lilitaka ardhi, muda na fedha. Njia iliyoonekana nyepesi ilikuwa kulipanua lililokuwepo.

Kazi ilifanywa kati ya mwaka 1902 na 1904. Upana wa daraja uliongezwa kwa futi 13, kutoka futi 52 hadi futi 65. Nguzo hazikuongezwa, wala misingi haikupanuliwa. Badala yake, kandokando ya daraja yalipachikwa mawe makubwa ya matale yaliyotokeza nje kama mikono, na juu ya mikono hiyo zikawekwa njia za waendao kwa miguu na kuta mpya za ukingo. Atakaye kupata picha yake atazame roshani za nyumba zetu za kale, zinavyotokeza juu ya mtaa zikibebwa na vibebeo vilivyotiwa ukutani. Tofauti ni kwamba roshani ni ya mbao, na ile ilikuwa ya matale.

Kwa macho, kazi ilikuwa njema. Njia ilipanuka, malalamiko yakapungua, na daraja likaonekana kana kwamba lilizaliwa hivyo. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliopita juu hawakuuhisi uzito ulioongezwa. Aliyeuhisi ni yule aliyeubeba, nao ni msingi wa Rennie, ambao haukuulizwa.

Vipimo vilivyochukuliwa baadaye vilionyesha kuwa daraja linazama kiasi cha inchi moja kila baada ya miaka minane. Inchi moja kwa miaka minane ni kitu kidogo mno. Hakuna macho yawezayo kukiona, na mtu anaweza kupita hapo kila siku ya maisha yake asitambue lolote. Tena halikuzama sawasawa. Ilipofika mwaka 1924 upande wa mashariki ulikuwa chini kuliko upande wa magharibi kwa inchi tatu hadi nne. Na tao, kama tulivyoeleza, linastahimili uzito mkubwa maadamu miguu yake imetulia. Miguu inapoachana usawa ndipo mawe yanapoanza kubanwa mahali pasipotarajiwa.

Hatutaki kuwabebesha wahandisi wa mwaka 1902 lawama zote. Walikuwa na shida ya kweli mbele yao, nao walijitahidi kuhifadhi sura ya kazi waliyoirithi. Isitoshe, magari ya moshi wa petroli na malori mazito yalikuwa bado hayajajaa barabarani, na hayo nayo yalikuja kuongeza taabu. Hata hivyo neno moja haliepukiki: daraja lililojengwa ili libebe upana mmoja lilibebeshwa upana mwingine, na hesabu iliyofanywa juu haikufanywa chini.

MAWE YASAFIRI

Katika miaka ya 1960 ilidhihirika kuwa hakuna budi kujenga daraja jipya. Mjumbe mmoja wa baraza la jiji, Ivan Luckin, alitoa wazo ambalo wengi walilicheka kwanza, la kuliuza la zamani. Mnunuzi alipatikana. Mwezi wa Aprili 1968 tajiri wa Kimarekani, Robert McCulloch, alilinunua kwa dola 2,460,000 ili alipeleke katika mji aliokuwa akiuanzisha kando ya ziwa, Lake Havasu City, katika jangwa la Arizona.

Mawe ya nje yalitiwa nambari moja moja. Mengi yao yalipelekwa kwanza kwenye machimbo ya Merrivale huko Dartmoor, yakakatwa upande wa nyuma ili yawe membamba, kisha yakapakiwa melini, yakapita Mfereji wa Panama hadi California, na kutoka hapo yakachukuliwa kwa malori. Huko Arizona daraja halikujengwa juu ya maji. Lilijengwa nchi kavu, juu ya rasi iliyoingia ziwani, na lilipokuwa tayari ndipo ukachimbwa mfereji chini yake, rasi ikawa kisiwa. Kwa kawaida kisiwa ndicho kitakacho daraja. Pale daraja ndilo lililotaka kisiwa. Lilifunguliwa tarehe 10 Oktoba 1971.

Lakini msomaji asidhani kuwa lile lililosimama Arizona ndilo daraja la Rennie. Linalobeba magari huko ni zege lenye nondo ndani yake. Mawe ya matale yamebandikwa nje kama vazi. Uso ni wa mwaka 1831, mwili ni wa karne ya 20. Hatusemi ni kazi mbaya. Watalii huiendea na mji ule umefaidika. Tunachosema ni kwamba kuhifadhi uso si sawa na kuhifadhi jengo, na wanaofurahia kuta zilizopakwa rangi mbele huku nyuma boriti zinaoza wangefanya vyema kulitafakari hilo.

Kule London nako daraja jipya lilijengwa pale pale pa zamani bila kufunga njia. Kwanza ziliwekwa sehemu mbili za kando, moja upande huu na nyingine upande ule wa daraja la Rennie. Magari yakahamishiwa humo. Kisha la zamani likabomolewa katikati na nafasi yake kuzibwa. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 17 Machi 1973. Ni daraja la zege lenye nafasi tatu tu za kupitia maji.

MFANO WA RICHMOND

Pengine atatokea msomaji akauliza: je, mnataka kutuambia kuwa jengo la kale lisiguswe kamwe? La, hasha. Majengo ni kwa ajili ya watu, na watu huongezeka na haja zao hubadilika. Jibu letu lipo juu ya mto huo huo wa Thames, mahali paitwapo Richmond.

Daraja la Richmond lilijengwa kati ya mwaka 1774 na 1777 kwa mawe meupe ya Portland. Nalo lilikuja kuwa jembamba kwa magari ya karne ya 20. Kati ya mwaka 1937 na 1940 lilipanuliwa kwa futi 11, karibu sawa na zile futi 13 za daraja la Rennie. Lakini njia iliyotumika ilikuwa mbali kabisa. Mawe ya upande wa juu wa mto yaliondolewa moja moja na kutiwa nambari. Daraja lenyewe likaongezwa mwili upande huo, kisha uso ule ule wa mawe ukarudishwa mahali pake, jiwe kwa jiwe. Apitaye leo hawezi kutambua kuwa upande mmoja uliwahi kuvunjwa. Daraja hilo lingali likitumika, nalo ndilo kongwe kuliko yote yaliyobaki juu ya Thames katika London.

Tulinganishe kazi hizo mbili. Zote zilikuwa upanuzi wa madaraja ya mawe, zote zilifanywa na watu wenye ujuzi, na vipimo vyake vilikaribiana. Moja ilitundika upana mpya juu ya mwili wa zamani. Nyingine iliongeza mwili kwanza ili upana uwe na pa kukaa. Ile ya kwanza ilionekana rahisi, na jiji likalazimika kujenga daraja jingine. Ile ya pili ilikuwa na usumbufu wa kuvunja na kupanga upya, na matunda yake yanaliwa mpaka sasa.

MFUKO WA DARAJA

Lipo jambo jingine ambalo tungependa viongozi wetu walizingatie, nalo ni la fedha. Ni ajabu kwamba daraja la kale la London, pamoja na kasoro zake zote, liliishi miaka 622, ilhali lile la Rennie, lililokuwa bora kwa kila hali, halikufika miaka 140 mahali pake. Siri ya umri wa lile la kwanza haikuwa uhodari wa matao yake. Siri yake ni kwamba lilikuwa likitengenezwa siku zote, na fedha za kulitengeneza zilikuwepo.

Tangu zama za kale uliwekwa mfuko maalumu wa daraja, ambao historia yake huhesabiwa tangu hati ya kifalme ya mwaka 1282. Watu waliacha mali zao kwa ajili ya daraja, kama sisi tunavyoweka wakfu kwa ajili ya msikiti au kisima, na kodi za nyumba na ardhi hizo zikaingia mfukoni humo. Fedha za daraja zilikuwa za daraja. Mfuko huo haukufa. Ulijulikana kwa muda mrefu kwa jina la Bridge House Estates, na ndio uliolipa gharama za daraja la mwaka 1973, zilizofikia paundi milioni 4. Mpaka leo unatunza madaraja matano ya jiji hilo, na tangu mwaka 1995 ziada yake hutolewa kuwasaidia wakaazi wa London wenye haja.

Hapa wazee wetu hawana haja ya kufundishwa na mtu. Wakfu ni jambo tulilolijua zamani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, na wenye busara waliziandikia masharti ya kutengenezwa kabla faida haijagawanywa. Palipofuatwa masharti hayo nyumba zilidumu. Palipokuwa na haraka ya kugawana kodi, mvua ndiyo iliyorithi.

SOMO KWETU

Tumekwenda mbali, sasa turudi nyumbani. Kila siku maelfu ya watu wa Unguja hupita Darajani kwenda sokoni, na wengi wa vijana hawajiulizi jina hilo limetoka wapi. Palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na palikuwa na daraja la kuvukia. Katika karne ya 20 maji yalifukiwa hatua kwa hatua, barabara ikapita, na daraja halikuonekana tena. Jina tu ndilo lililobaki. Kwa hiyo habari ya daraja kutoweka si ngeni kwetu.

Wala habari ya jengo kuelemewa si ngeni. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilipitia mabadiliko makubwa baada ya mizinga ya mwaka 1896, pale mnara uliokuwa mbele yake ulipoharibiwa na baadaye mnara wa saa ukawekwa kwenye uso wa jengo lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatutaki kuhukumu sababu yake. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Lakini siku ile kila mwenye macho alifahamu kuwa jengo la kale si picha ya ukutani. Ni mzigo uliobebwa na kitu, na kitu hicho kina kikomo.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vitu hivyo vinasikilizana kwa desturi yake: kuta ni nene, sakafu ni fupi kwa kuwa boriti ni fupi, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Anapokuja mtu akaongeza ghorofa ya matofali ya saruji juu, au akapandisha matangi ya maji juu ya boriti zilizokwisha kuliwa na mchwa, au akazipaka kuta saruji ngumu inayofungia unyevu ndani, anafanya yale yale ya futi 13. Hatabomoka kesho. Pengine hata miaka minane itapita na inchi moja tu imepotea. Atakayeitafuta inchi hiyo ni mwanawe, au mpangaji, au mpita njia asiye na hatia.

Kwa hiyo tunathubutu kuyatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika, na tunayatoa kwa heshima.

Kwanza, pasitolewe kibali chochote cha kuongeza au kupanua jengo la kale, liwe nyumba, gati au daraja, mpaka mwombaji aonyeshe kwa maandishi msingi wake ukoje na utabeba nini. Michoro ya sura ya mbele isitoshe.

Pili, majengo makuu ya umma yapimwe kila mwaka na vipimo viwekwe mahali pa kudumu, si katika daftari la afisa mmoja anayeweza kuhamishwa. Lile daraja lilijulikana kuwa linazama kwa sababu palikuwa na mtu wa kupima, na palikuwa na vipimo vya zamani vya kulinganisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini ufa wenyewe lazima uonekane kwanza.

Tatu, fedha za matengenezo zitengwe na zilindwe. Ni rahisi kupata mfadhili wa kukata utepe. Ni vigumu kumpata wa kubadilisha boriti moja kila mwaka. Nchi inayongoja mfadhili hata kwa kuziba tundu la paa itangoja huku paa likianguka.

Nne, panapohitajika upanuzi wa kweli, tuwe na subira ya kuufanya kwa njia ya Richmond. Wananchi nao wana sehemu yao hapa. Tukimsukuma kiongozi atupe njia pana kabla ya mwezi wa sita, tusishangae akitupa njia pana isiyo na miguu.

Daraja la Rennie halikuangushwa na adui wala tufani. Lilizidiwa polepole na wema wa watu waliotaka kulifanya litumike zaidi. Nasi tunayapenda majengo yetu, na tunataka yatumike. Basi kabla hatujayaongezea jambo, tushuke chini tukauulize msingi, na tukisha kuuliza tuwe tayari kulikubali jibu lake.